Jinsi ya Kulinda Ardhi ya Asili Iliyobaki Mtaani: Mwongozo kwa Wakazi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kila mvua ndefu inapokaribia, swali linalorudi ni lilelile: mtaa una kipande cha vichaka kando ya mto, au kinamasi ambacho bado hakijajazwa udongo, watu wameanza kukimega kidogo kidogo, na wakazi wanataka kujua wapande miti gani ili wakiokoe. Swali ni zuri, ila limeyaruka mengine yaliyopaswa kulitangulia. Ni nadra kipande cha namna hiyo kupotea kwa kukosa miti. Hupotea kwa sababu siku tingatinga linapofika hakuna mkazi anayeweza kuonyesha mpaka uko wapi, ardhi ni ya nani na ndani yake mnaishi viumbe gani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ramani na ofisi ya ardhi, na jembe linaingia baadaye, tena kwa uchache.

Umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida wa mitaa inayopanuka, kama Kiamunyi na Ngata upande wa Nakuru, Mamboleo na Riat upande wa Kisumu, au viunga vya Kakamega, Bungoma na Kitale, ambako shamba la jana limekatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Hauhitaji usomi wa viumbe. Unahitaji subira, hasa ile ya kupanga foleni.

Nadharia ni moja tu. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua pande zote, na hifadhi ya swala ya Kisumu, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, ni ndogo kuliko mashamba mengi. Kwa hiyo nguchiro, kenge, kalunguyeye, bundi, popo na ndege wa majini wanaoishi nje ya nyua hizo hutegemea vipande vidogo vilivyo kati ya nyumba. Udogo wenyewe si hoja ya kukata tamaa: Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, ina takribani kilomita 3 za mraba tu, na tangu mwaka 1974 imekuwa makao ya nzohe, swala wa majini ambaye hapatikani kwa urahisi kwingineko nchini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nambari ya ploti ya kipande chenyewe au, ikiwa huijui, nambari za ploti zinazopakana nacho.
- Simu yenye GPS na kamera, pamoja na tepu ndefu ya kupimia. Tepu ndiyo husahaulika, na ndiyo humaliza ubishi.
- Daftari moja litakalotunzwa na mtu mmoja anayejulikana.
- Pesa za upekuzi wa ardhi na nakala ya ramani. Ulizia ada dirishani kabla ya kulipa, na usiondoke bila risiti.
- Majirani wachache wanaokubaliana na wazo lenyewe, akiwemo angalau mmoja ambaye ploti yake inapakana na kipande hicho.
- Gambuti, glavu ngumu, panga, fyekeo na magunia. Hivi havitahitajika katika wiki za mwanzo.

Hatua ya 1: Tembea polepole na uandike kilichopo

Nenda alfajiri, kisha urudi jioni, kwa kuwa wakazi wa asubuhi si wale wa usiku. Piga picha za miti mikubwa, mashimo kwenye vigogo, vichuguu, viota, nyayo kwenye tope na kinyesi. Huna haja ya kujua majina yote. Programu ya iNaturalist husaidia kutambua kutokana na picha, na kumbukumbu zake hubaki na tarehe na mahali, jambo litakalokufaa utakapoulizwa ushahidi.

Kuna vitu vichache vya kutafuta kwa makini. Kwenye matawi ya mkuyu kando ya mto tazama kama kuna lundo kubwa la vijiti lenye paa la tope na mlango mdogo ubavuni. Hicho ni kiota cha fundichuma, na ndege huyo akishakiacha, bundi na viumbe wengine huhamia humo. Mti wenye kiota hicho haufai kuguswa hata kama umeinama. Kwenye mafunjo ya Dunga na ghuba nyingine za Ziwa Victoria sikiliza ndege mwenye utosi wa manjano na kifua chekundu kama damu, ambaye wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Yeye haishi nje ya mafunjo, kwa hiyo mafunjo yakifyekwa yote hana pa kuhamia. Kwenye majani mafupi ya kinamasi tazama korongo taji, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Ukimwona akitembea bila kuruka, huku akizungukazunguka mahali pamoja, huenda kiota kiko karibu. Rudi nyuma kwa njia uliyopitia.

*Onyo:* usichapishe hadharani mahali hasa palipo na kiota cha korongo taji. Makinda yake huibwa ili yafugwe kama mapambo ya bustani.

Hatua ya 2: Ijue ardhi ni ya nani

Hapa ndipo vikundi vingi huchoka, na ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Peleka nambari ya ploti kwenye msajili wa ardhi wa kaunti na uombe upekuzi rasmi. Utapata jina la mwenye hati na vizuizi vilivyoandikwa juu yake. Upekuzi haukuonyeshi umbo la ardhi, kwa hiyo nunua pia nakala ya ramani ya usajili kutoka ofisi ya upimaji, kisha uilinganishe na bikoni (alama za mpaka za wapimaji) zilizoko chini. Kama kipande hakina nambari, kitazame katika ramani ya mgawanyo wa shamba la awali: mara nyingi kimeandikwa humo kuwa ni cha matumizi ya umma au ni hifadhi ya mto, na mtaa mzima umesahau.

Majibu yanayowezekana ni manne, na kila moja lina njia yake.

Kama ni ukingo wa mto, kinga yake tayari iko kisheria. Kipimo kilichozoeleka katika kanuni za Kenya ni upana wa mto wenyewe kwa kila upande, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Mto wa upana wa mita 4 hupewa mita 6 kila ng'ambo. Wa mita 10 hupewa 10. Pima kutoka maji yanapofika wakati wa mafuriko, si yalipo mwezi wa Januari. Alama yenyewe utaiona kwenye matawi ya chini ya vichaka: mabua makavu na vipande vya plastiki vilivyonasa vyote kwa kimo kimoja, vikielekea upande mmoja.

Kama ni ardhi ya umma iliyotengwa wakati wa mgawanyo, mlinzi wake wa kwanza ni serikali ya kaunti. Andika barua kwa idara ya mipango ya ardhi ukiomba ithibitishe hali ya kipande hicho kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinakupa haki ya kujibiwa.

Kama ni sehemu ya msitu wa serikali, mathalani kwenye miteremko ya Menengai au pembezoni mwa msitu wa Kakamega, wahusika ni Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na mkazi huingia kupitia chama cha jamii cha misitu kilichopo.

Kama ni ya mtu binafsi, hakuna njia ya mkato. Mwendee mwenyewe kwa heshima, mkiwa na mzee wa mtaa, wala msimpeleke mbele ya baraza kumwaibisha. Wapo wenye ardhi wanaokubali kuacha kona yenye mwamba au tope ambayo hata hivyo haijengeki. Makubaliano yaandikwe na yashuhudiwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inairuhusu pia mahakama kuweka juu ya ardhi ya mtu masharti ya kudumu ya uhifadhi, ingawa hilo linahitaji wakili, na kwa kawaida mazungumzo hufika mbali zaidi kwa gharama ndogo.

*Onyo:* usiamini neno la "hii ni ya kaunti" kutoka kwa yeyote, hata kama amevaa koti la ofisi, mpaka uone karatasi.

Hatua ya 3: Onyesha mpaka kwa njia isiyofungia wanyama

Mpaka usioonekana huliwa mita moja kila mwaka. Mwombe mpima ardhi mwenye leseni azitambue bikoni, kisha uweke nguzo fupi zilizopakwa rangi. Ukitaka ua, panda miti ya kienyeji au tumia nguzo na nyaya mbili zisizo na miiba, waya wa chini ukiwa juu ya goti. Ukuta wa mawe na seng'enge iliyobana mpaka chini humzuia kobe, kalunguyeye na nguchiro huku ukimwacha mwizi apande tu.

Kando ya Ziwa Victoria au Ziwa Nakuru, weka mpaka ukijua kwamba ziwa nalo husogea. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, na nyumba zilizojengwa mahali pa mafunjo ndizo zilizoingiliwa mwanzo.

Hatua ya 4: Unda kikundi kinachotambulika

Barua ya mtu mmoja huwekwa pembeni. Ya kikundi kilichosajiliwa hupigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na usajili hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Kwa kipande cha mtoni, jiungeni pia na chama cha watumiaji wa maji cha mto huo, ambacho hutambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Waingizeni mapema wale wanaokitumia kipande hicho: wanaolisha ng'ombe, wanaokata mafunjo ya mikeka, wanaofyatua matofali na wanaochota mchanga. Mkataji wa mafunjo si adui. Mafunjo huchipuka upya kutoka kwenye vishina, na akikata kwa zamu, sehemu moja msimu huu na nyingine ujao, ndege hubakiwa na makao. Mfyatuaji wa matofali ni suala jingine, kwa kuwa shimo lake halijifuti, na yeye sharti atafutiwe mahali kwingine kabla hamjamwambia aondoke.

Hatua ya 5: Ondoa kinachodhuru, kwa mpangilio

Anzeni na taka. Kisha lantana, ile yenye vimaua vya rangi mchanganyiko na majani yanayokwaruza. Kuifyeka tu ni kuipogoa: hurudi ikiwa nene zaidi. Ing'oeni na mizizi katika miezi mikavu ya Januari na Februari, na msiiondoe yote kwa mkupuo, kwa sababu pale ambapo vichaka vya asili vimekwisha, ndege wamejenga humo humo. Toeni ukanda, acheni ukanda, mrudi mwaka unaofuata. Mbegu na matunda yasibebwe kwenye magunia yaliyotoboka.

Mikaratusi iliyo ukingoni mwa mto iondolewe taratibu pia, mmoja hapa na mmoja pale, na visiki vyake vifuatiliwe maana huchipua. Kuikata yote kabla ya mvua kutaubomoa ukingo ambao mnajaribu kuulinda.

*Onyo:* msitumie moto, wala sumu yoyote. Panya aliyekula dawa hutembea kwa siku kadhaa kabla ya kufa, bundi humla, na bundi naye hufa. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, dawa ya wadudu ya Furadan imewahi kugeuzwa chambo cha kuulia ndege kwa wingi ili waliwe. Mkikuta punje au konokono waliomwagwa mahali pamoja bila sababu, msiwaguse kwa mikono mitupu. Pigeni picha na mwite Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Hatua ya 6: Acha ardhi ijirudie, upande pale tu inaposhindwa

Baada ya kuondoa lantana, subirini msimu mmoja wa mvua mwone kinachoota. Udongo huwa na mbegu zake. Siku za upandaji miti zenye fulana na picha zina nafasi yake, lakini kwa maoni yangu zimeharibu vinamasi vingi kuliko zilivyoviponya, kwa kuwa mtu aliyekuja na miche 500 hawezi kurudi nayo nyumbani, na ataichomeka popote, hata katikati ya majani mafupi ambayo korongo taji aliyataka yabaki wazi.

Mkihitaji kupanda, pandeni mwanzoni mwa mvua, Machi au Aprili, na mchague vya hapa. Kwa Kisumu na Magharibi: mkuyu, mvule, musine, na ule ambao Wajaluo huuita siala na Waluhya lusiola. Kwa Nakuru: mgunga wenye gome la manjano palipo na unyevu, leleshwa na mutamaiyo palipo pakavu na penye mawe. Miche ya bure mtakayopewa mara nyingi ni grevilea kutoka Australia, jakaranda kutoka Amerika ya Kusini, au mikaratusi; shukuruni, na muipande shuleni au barabarani.

Mti uliokufa uachwe umesimama, isipokuwa kama unaweza kuangukia nyumba au njia. Kigogota hutoboa tundu, na akihama huingia wengine. Majani makavu yasifagiliwe.

Hatua ya 7: Unganisha kipande na ploti za jirani

Kipande kilichozungukwa na kuta hudhoofika hata kikilindwa vyema. Waombeni majirani mambo matatu tu, kwa kuwa orodha ndefu haitekelezwi: tundu la upana wa kiganja chini ya geti au ukuta, mti mmoja wa kienyeji uani, na taa ya nje inayoangaza chini badala ya kumulika kichaka usiku kucha. Mbwa wafungwe usiku. Ua wa kayaba, japo asili yake ni kusini mwa Afrika, ni afadhali kuliko ukuta, na wenye nao wasilazimishwe kuung'oa.

Hatua ya 8: Fuatilia, hasa ujenzi

Kila mwezi mtu mmoja apige picha kutoka mahali palepale na aandike tarehe. Aangalie pia mbao za matangazo ya ujenzi na ya kubadilisha matumizi ya ardhi, ambazo hubandikwa kwenye kiwanja, wakati mwingine nyuma ya kichaka. Pingamizi lazima liwasilishwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikitoa leseni mnayoona haifai, rufaa hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Majirani wanasema kichaka kinaleta nyoka.* Nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka. Ondoeni taka, fyekeni ukanda wa mita mbili kandokando ya njia na nyumba, na muache katikati. Anayeingia ndani avae gambuti. Chatu au nyoka mwingine akiingia nyumbani, mwite KWS badala ya vijana wenye rungu.

*Wanasema ni maficho ya wahalifu.* Malalamiko haya yasipuuzwe, kwani mara nyingi ni ya kweli. Pogoeni matawi ya chini kando ya njia ili mtu aone mbele, muwe na njia moja tu inayopita wazi, na muishirikishe Nyumba Kumi, mpango wa majirani wa kulinda usalama. Kufyeka kila kitu huhamishia tatizo kwenye nyumba zisizokamilika za jirani.

*Wanasema kinamasi kinaleta malaria.* Baadhi ya mbu wakuu wa malaria huku kwetu hupenda kuzalia kwenye vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, alama za magurudumu, mashimo ya matofali. Mafunjo mazito yenye kivuli hayawafai sana. Fukieni mashimo hayo kwanza.

*Tumbili wanavunja mahindi na kuingia jikoni.* Mtafute anayewalisha. Karibu kila mara yupo, na huwa ni mtu mwema. Mapipa yafunikwe.

*Viboko wanatoka ziwani usiku.* Hutoka kula majani na hurudi kwa njia yao ileile. Msilime wala kujenga juu ya njia hiyo, na mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Hii ni kazi ya KWS, si ya kikundi.

*Ujenzi umeanza tayari.* Piga picha yenye tarehe, peleka malalamiko kwa NEMA, kwa kaunti na, kama ni mtoni, kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kila nakala ikipigwa muhuri. Zikinyamaza, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Usimkabili mwenye tingatinga peke yako.

*Mwenye ardhi ameuza.* Makubaliano ya mdomo yameuzwa pamoja nayo. Mwone mnunuzi kabla hajachora ramani ya nyumba, umwonyeshe picha na alama ya mafuriko. Hiyo ya pili humshawishi zaidi.

*Miche yote imekauka.* Chunguza kama imeliwa na mbuzi, kama ilipandwa baada ya mvua kupungua, au kama mfuko wa plastiki wa kitaluni uliachwa umeizunguka mizizi. Ng'oa mmoja utazame mizizi kabla ya kuagiza mingine.